Babu Yumo Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Nimechoka, na mwezi ndio kwanza umeanza.

Madam Vero wa historia ametupa kazi ya utafiti. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu atafute habari moja ya gazeti la zamani na picha moja, vyote vihusu huku kwetu, halafu asimame mbele ya darasa aeleze. Vitu hivyo viko maktaba ya Rubwera, kwenye kanzidata. Tukatazamana. Madam akafafanua kwamba ni ghala la magazeti lililowekwa ndani ya kompyuta. Unaandika unachotaka, linakutolea. Mtu wa nyuma akauliza kama linatoa na majibu ya hesabu. Watu wakacheka. Mimi nilicheka moyoni, ndiyo kawaida yangu.

Jioni nikaharibu. Huwa sisemi sana nyumbani. Huwa sisemi sana popote. Lakini Bibi alikuwa anamenya ndizi, akasema tarehe kumi na tatu ni misa ya kumbukumbu ya Babu, miaka ishirini na tano tangu afariki, na hatuna hata picha ya kuweka mezani. Ile moja iliyokuwepo ililiwa na mchwa sandukuni. Akasema, bila kunitazama, kwamba siku hizi akifumba macho anamwona Babu mpaka shingoni tu. Uso umeanza kumtoroka.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema uso huo nitauleta. Babu yumo kwenye kompyuta.

Bibi akaweka kisu chini. Akakumbuka kwamba waandishi wa habari waliwahi kuja kwenye maonyesho ya mifugo, wakapiga picha Babu aliposhinda na ng'ombe wake Bihogo. Ikatoka gazetini kabisa. Nikauliza ilikuwa mwaka gani. Akasema mwaka ule Bainomugisha alipokuwa bado ananyonya. Bainomugisha ni baba mkubwa, ana mvi. Nikaona huo si mwaka, nikaachana nao.

Baba mkubwa mwenyewe alikuwa mlangoni anasikiliza. Keshawapigia simu ndugu wa Kamuli. Kawaambia wasikose, safari hii marehemu atakuwepo.

Jumatano, 3 Septemba

Maktaba. Chumba kimoja, rafu za vitabu, kompyuta mbili, na Bi Mwanamisi anayeisimamia. Aliponiona tu akauliza, mwanangu, nikusaidie nini? Nikasema shikamoo, naangalia tu. Akasema marahaba, unaangalia nini? Nikasema naangalia tu. Akaniacha niangalie ukuta.

Ukweli ni kwamba mtu akinisaidia mbele za watu, masikio yananiwaka moto.

Kwenye kompyuta ya kwanza alikuwa ameshakaa Najat wa darasani kwetu, binti wa mzee Abdallah wa duka la sukari. Najat anaongea Kiswahili kama mtangazaji wa redio, kwa sababu bibi yake ni wa Tanga. Mimi nikitaka kuongea, Kinyambo kinafika kwanza mdomoni na Kiswahili kinakikuta kimeshakaa. Nikasogeza kiti changu ili asione ninachoandika.

Kisanduku cha kutafutia kilikuwa kitupu. Nikaandika: Shikamoo. Naomba picha ya marehemu babu yangu Arinaitwe wa Kyerwa akiwa na ng'ombe Bihogo kwenye maonyesho ya mifugo, inahitajika haraka kwa ajili ya misa. Ahsante.

Matokeo: sifuri.

Nikaondoa "haraka", labda ilionekana utovu wa adabu. Sifuri. Nikaondoa "Ahsante". Sifuri. "Shikamoo" niliiacha. Magazeti hayo ni makubwa kwangu.

Najat akachungulia, akauliza hiyo barua nampelekea nani. Masikio! Nikafunga nikaondoka.

Ijumaa, 5 Septemba

Nimegundua siri. Usiandike sana. Nikaandika jina tu, Arinaitwe. Yakatoka matokeo mpaka nikaogopa. Arinaitwe mkimbiaji. Arinaitwe aliyeibiwa baiskeli. Arinaitwe aliyeiba baiskeli, sijui kama ni ileile. Nikaongeza Kyerwa. Wakabaki wachache, wote wa juzijuzi, diwani fulani akikata utepe wa kisima. Anakata utepe kwa furaha kubwa lakini si babu yangu.

Kisha muda ukaisha. Hapa ndipo penye shida. Kila mtu ana nusu saa, na nyuma yangu wamekaa wafanyakazi wa ofisi za wilaya wanaosubiri kusoma matangazo ya kazi za wilaya nyingine. Ndani ya nusu saa mimi nakuwa ndio kwanza nimezoea kiti.

Nimefanya mpango. Mzuri, nadhani. Watu walipotoka nilichelewa kidogo, nikabandika karatasi kwenye kompyuta ya pili: MBOVU. Hakuna atakayepanga foleni kwenye kompyuta mbovu. Jumatatu nitakaa pale na kitabu mkononi kama mtu aliyekosa pa kukaa, halafu nitatafuta mpaka jioni. Hakuna anayemfukuza mtu kwenye kitu kibovu.

Bibi kaniuliza Babu amefikia wapi. Nimesema yuko njiani.

Jumatatu, 8 Septemba

Kompyuta ya pili haipo.

Kumbe Bi Mwanamisi aliiona ile karatasi Jumamosi, akampigia fundi Hanifu. Fundi akaja, akaiwasha, ikawaka. Akaizima, akaiwasha tena, ikawaka tena. Bi Mwanamisi anasema fundi alikuna kichwa, akatangaza kwamba kompyuta inayowaka vizuri namna hiyo ilhali ni mbovu ina tatizo kubwa la ndani. Akaifunga kwenye bodaboda kwa kamba ya mpira, akaipeleka Kayanga.

Sasa imebaki moja. Foleni imefika mlangoni. Mfanyakazi mmoja wa ofisi ya ardhi alikuwa anamlaani kwa sauti aliyeiharibu ile nyingine, akasema watu wa hapa hawajui kutunza vitu. Nikatikisa kichwa pamoja naye. Tulisikitika sana, mimi na yeye.

Sikufikiwa na zamu. Nimerudi nyumbani kwa miguu, jua kali, vumbi. Bibi keshafua kitambaa cheupe cha meza ambapo picha itakaa.

Jumanne, 9 Septemba

Bi Mwanamisi ametangaza kwamba wanafunzi wa darasa moja wakae wawili wawili ili foleni ipungue. Darasa letu leo tulikuwa mimi na Najat. Mungu ana utani.

Najat alikuwa ameshamaliza kazi yake jana, leo alikuja kuichapa tu. Alipata habari ya wachuuzi wa kwanza wa chumvi na nguo, na picha ya duka ambalo babu yake alifanyia kazi. Akauliza mimi natafuta nini. Nikasema naangalia tu. Akasema, wewe Yustasi, wiki ya pili hii unaangalia tu, utapofuka. Nikamwambia. Sijui kwa nini. Labda ni uchovu.

Hakucheka. Akauliza mwaka. Nikasema hakuna mwaka, kuna baba mkubwa ananyonya. Akauliza baba mkubwa kazaliwa lini. Hilo nalijua, liko kwenye kadi yake ya kura, 1984. Akasema basi mwaka ndio huo au unaofuata, mbona umeukalia siku zote hizi?

Kisha akasoma nilichoandika, akashika kichwa. Akasema, ndugu yangu, mwaka huo Kyerwa haikuwa wilaya. Imekatwa juzi tu, sisi tukiwa watoto. Zamani wote tulikuwa Karagwe. Mwandishi wa wakati ule angeandikaje Kyerwa? Na mwandishi aliyetoka Dar es Salaam hamjui babu yako. Anajua alichokiona. Aliona nini? Nikasema, ng'ombe.

Akaandika Karagwe, maonyesho, mifugo. Akaweka miaka. Akabonyeza mahali pa kuchuja ili zibaki picha peke yake.

Picha ya kwanza kabisa! Pembe zimepinda kama zinataka kukumbatia mbingu, moja imeinama kidogo kwa ndani, vilevile Bibi anavyoieleza. Bihogo! Na pembeni ameshika kamba mwanamume mrefu wa kofia, anacheka meno yote. Babu! Nilitaka kupiga kelele. Nikakohoa.

Chini ya picha palikuwa na maandishi: Mfugaji Cassian wa Karagwe na ng'ombe aliyeshinda. Najat akasema, mbona ni Cassian? Nikamweleza kwamba waandishi wa zamani walikuwa wanachanganya sana majina. Sina hakika nimelitoa wapi hilo. Akasema shuka chini, kuna sehemu imeandikwa picha nyingine za siku hiyohiyo. Nikasema najua, najua, nikabonyeza kuchapa kabla zamu haijaisha. Nyumbani nikakata yale maandishi kwa mkasi ili yasilete maswali.

Bibi amekwenda Kamuli kuwachukua ndugu. Atarudi keshokutwa. Itakuwa zawadi. Nimempa baba mkubwa picha aitunze. Ameitazama sana, akasema ujana hubadilisha sura lakini kweli damu nzito, pua ni yake kabisa.

Alhamisi, 11 Septemba

Hata kalamu nzito leo.

Baba mkubwa hakuitunza picha. Aliipeleka jana kwa watu wa mabango. Leo asubuhi bango lilikuwa limefungwa getini, refu kuliko geti. KUMBUKUMBU YA MPENDWA WETU MZEE ARINAITWE. PUMZIKA KWA AMANI. Katikati yule mwanamume wa kofia, meno yote. Kwa kweli lilipendeza. Nilisimama pale nikajisikia mtu mwenye faida.

Akapita mzee Cassian.

Mzee Cassian ni jirani yetu wa bonde la chini. Ana ng'ombe, fimbo na maneno. Sijui nilikuwa nafikiri Cassian wa gazetini ni nani. Nafikiri sikuwa nafikiri. Akasimama mbele ya bango. Akavua kofia kwa heshima ya marehemu. Akasogea. Akaivaa tena. Akamwita baba mkubwa, akamuuliza, wewe Bainomugisha, mimi nimekufa lini? Na mbona watoto wangu hawajaambiwa?

Baba mkubwa akasema, mzee, huyo ni baba. Mzee Cassian akasema baba yako alikuwa mfupi na hakuwa na meno mazuri hivi. Haya ni meno yangu, nilikuwa nayo mpaka mwaka 2003.

Wakati huohuo bodaboda zikafika na Bibi na ndugu wa Kamuli. Bibi akashuka, akatazama bango. Akatazama. Kisha akashika kiuno, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Akasema, jamani, kumbe nimeolewa na Cassian, na harusi sikualikwa! Shangazi mmoja wa Kamuli, aliyekuwa ameanza kulia tangu kwenye kona, ikabidi anyamaze.

Nilitamani kuwa ndani ya shimo la choo.

Lakini Bibi alipomaliza kucheka kitu kikamvuta. Akaenda mpaka karibu na bango, akamgusa ng'ombe shavuni. Akasema polepole, Bihogo, mama. Akataja na ndama zake, mmoja mmoja, walipokwenda na kwa nani. Mkono wake ukashuka mpaka chini ya tumbo la ng'ombe, ukakwama hapo. Akasema, njooni muone. Huyu ng'ombe ana miguu sita.

Ni kweli. Nyuma ya miguu ya Bihogo kulikuwa na miguu miwili ya mtu. Viatu vya matairi, na suruali iliyokunjwa upande mmoja tu. Bibi akasema hakuwahi kukunja pande zote mbili, mtu yule. Nilimwambia mpaka nikachoka, akasema.

Mzee Cassian ndipo akakumbuka. Akasema Arinaitwe alikuwa anaogopa watu kuliko chui. Mwandishi alipoinua kamera, akamsukumia yeye kamba na kusema, shika, nakuja. Akajificha nyuma ya ng'ombe wake mwenyewe. Alikuja picha zilipokwisha.

Watu wote wakanigeukia, sijui kwa nini.

Ijumaa, 12 Septemba

Baba mkubwa haongei na mimi. Amekata bango. Wamebaki Bihogo na ile miguu. Mzee Cassian ameomba apewe kichwa chake, akakikunja, akaenda nacho kwapani. Anasema atakitumia siku yake ikifika, kimeshagharimiwa.

Jioni Bibi aliweka kile kitambaa cheupe mezani, akaegemeza ng'ombe ukutani. Akaniita nikae. Akasema nisihuzunike, miguu pia ni yake, aliitembelea. Kisha akaweka mkono kwenye shavu. Akasema alitaka kumwona tu usoni mara moja, ili akifika kule ng'ambo asije akampita.

Nimekaa naye. Sikutafuta pa kujificha.

Asubuhi nilikuwa nimekumbuka ile sehemu ya picha nyingine za siku hiyohiyo. Nilikimbia maktaba mchana, nikakuta pamefungwa. Bi Mwanamisi ameitwa kwenye kikao wilayani kuhusu upungufu wa kompyuta.

Jumamosi, 13 Septemba

Misa imekwisha. Naandika hivi nimeegemea gunia la mkaa, mikono inanuka vitunguu.

Mzee Abdallah alikuja alfajiri kutuchinjia ng'ombe. Ndivyo tunavyofanya, achinje Mwislamu ili kila mgeni ale bila kuuliza. Najat alikuja naye. Nilikuwa namenya vitunguu nyuma ya jiko, mahali nilipochagua kwa sababu hakuna anayeshangaa ukitoa machozi hapo. Akanikuta. Akasema Alhamisi duka lao zima lilikuwa linaongea habari za mzee Cassian kufa na kufufuka, ndipo akaelewa, akarudi maktaba jioni ileile. Akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya khanga. Akasema nilitaka kukuonyesha Jumanne, ukanifunika na mgongo.

Picha nyingine ya siku ileile. Bihogo amegeuza shingo. Mzee Cassian anaangalia pembeni, amechoka kusimama. Na kati ya sikio la ng'ombe na pembe, mtu anachungulia kuona kama kamera imeondoka. Jicho moja, sikio moja, nusu ya mdomo. Mdomo unakaribia kucheka.

Nikasema nitampelekea Bibi baada ya misa, watu wakipungua. Najat akasema, wewe, nenda sasa hivi. Nikasema kuna watu. Akasema kila mahali kuna watu, Yustasi.

Nikaenda. Nikapita katikati ya ndugu wote wa Kamuli, padri, wanakwaya, na mzee Cassian aliyepewa kiti cha mbele kama mtu aliyerudi kutoka mbali. Masikio yalikuwa moto. Nikampa Bibi.

Akaisogeza machoni, akaitoa, akaisogeza tena. Hakulia. Alivuta pumzi tu, kama mtu aliyetua ndoo. Akapitisha kidole kwenye ile nusu ya uso, akaendelea kukipitisha mpaka upande ambao ng'ombe amefunika, taratibu, kama anauchora. Akasema, huyo. Nusu hii naiona. Hiyo nyingine imerudi yenyewe.

Akamsalimia, kwa Kinyambo. Sitaandika alivyomsalimia.

Watu walipouliza picha hii imetoka wapi, Bibi akasema mjukuu wangu. Nilitaka kusema ni Najat. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini palikuwa na watu wengi, na kwaya ikaanza.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetumwa sabuni dukani kwa mzee Abdallah. Najat alikuwa anapima sukari. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba nitamwambia Bibi ukweli. Akasema Bibi yangu alishamshukuru jana na kumfungia nyama ya kwenda nayo, kwani anamfahamu mjukuu wake. Nikanunua sabuni.

Mzee Cassian alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Tangu arudi kutoka kwa wafu ana umaarufu mkubwa. Akanishika mkono, akasema mtoto huyu ana kipaji, anatoa watu kwenye mashine. Akasema yeye aliwahi kushinda mbio za baiskeli mpaka Bukoba, akapigwa picha na kombe, na wajukuu zake wanasema ni uongo. Walimcheka jana mbele ya padri. Angependa kuwafumba midomo kabla hajafa tena.

Nilihurumia meno yake ambayo hayapo. Nikamwambia mzee, Jumatano utaipata, ni jambo dogo sana.

Najat akaweka chini kipimo cha sukari. Akauliza mbio hizo zilikuwa mwaka gani, ziliandaliwa na nani, na kama kuna mtu mwingine anayezikumbuka. Mzee akaanza kuhesabu kwa vidole, akachanganya, akaanza upya.

Nikamwambia Najat aache kumchosha mzee wa watu. Mwaka hauhitajiki. Nitaandika tu: baiskeli.